Mzee wa Baraza wa Tatu

Pale Makongeni, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, watu wakikosana juu ya kamba ya kuanikia nguo au zamu ya bomba walimwendea Zedekiah Lusweti. Si kwamba alikuwa na cheo. Alikuwa seremala wa mabehewa, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, aliyetoka Bungoma akiwa kijana na kuzeekea karakanani. Walimwendea kwa sababu hakujua kupindisha neno. Kama aliyekosa alikuwa mke wake, Phelister, alisema ni Phelister, naye Phelister angenuna kutwa nzima kisha akamsamehe, maana alijua ameolewa na mtu wa namna gani.

Mwaka wa tisini na nne aliitwa Mahakama Kuu. Hakuwa ameshtakiwa. Wito ulisema kwamba jina lake limechaguliwa kati ya wakazi wa Nairobi, akawe mzee wa baraza katika kesi ya mauaji. Amolo, msimamizi wake pale karakanani, aliusoma mara mbili, akamtazama, akasema, "Enda bwana. Serikali ikiita haikataliwi. Lakini usije ukarudi hapa ukitaka tukuite mheshimiwa."

Phelister alimpigia pasi suti ya kanisani. Alikuwa na fahari kidogo, naye Zedekiah pia, ingawa hakuionyesha.

Asubuhi ile, kabla jaji hajaingia, karani wa mahakama aliwaketisha watatu kando na kuwaeleza kazi yao. Wa kwanza alikuwa Dedan, mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi huko Kayole. Wa pili alikuwa Khadro, mama wa Kisomali aliyeuza vitambaa Eastleigh. Wa tatu ni Zedekiah.

"Ninyi si majaji," karani alisema. "Ni wananchi. Mtasikiliza ushahidi wote, wa serikali na wa mshtakiwa. Mwisho jaji atawaeleza sheria inasema nini, halafu atamuuliza kila mmoja anaonaje, ana hatia au hana. Lazima awasikilize. Lakini halazimiki kuwafuata. Uamuzi ni wake."

"Sasa tunakaa hapa kwa nini?" Khadro aliuliza.

"Ili asiamue peke yake, mama."

Mshtakiwa akaletwa. Alikuwa mwanamke mwembamba anayeitwa Nthoki, ambaye kabla ya kushikwa alikuwa kibarua katika kiwanda cha plastiki Baba Dogo. Alipanda kizimbani akashika ubao kwa mikono yote miwili. Alishtakiwa kwa kumuua mumewe, Mulongo, katika chumba walichopanga Lucky Summer. Safari yake ya kufika pale ilikuwa ndefu: kwanza seli ya polisi, halafu mbele ya hakimu wa mahakama ya chini, ambaye kazi yake ilikuwa kupima tu kama kuna kesi ya kutosha, kisha rumande, akingoja Mahakama Kuu, kwa kuwa kesi ya kuua hakimu haruhusiwi kuiamua. Mtoto wake wa kike alikuwa ameachishwa ziwa na bibi yake Kitui.

Alikuwa na wakili, kijana mwenye kikohozi, aliyelipiwa na serikali. Dedan alimnong'oneza Zedekiah kwamba hiyo ni bahati ya walioshtakiwa kuua. Mpwa wake alishtakiwa wizi wa mabavu, ambao adhabu yake pia ni kitanzi, akasimama peke yake mbele ya hakimu bila wakili hata mmoja, kwa kuwa kesi kama yake haikuwa na wakili wa serikali.

Kwenye viti vya nyuma alikaa mzee aliyevaa koti zito, fimbo katikati ya magoti. Zedekiah alimtambua kabla hajaambiwa. Si kwamba waliwahi kuonana, ila alijua koti lile, na namna ya kukaa, na lafudhi aliposalimia askari wa mlangoni. Alikuwa Shiundu, babake marehemu, aliyesafiri kutoka upande ule ule aliotoka Zedekiah. Mzee alikuwa anakuja kila siku.

Ushahidi haukuwa mrefu. Askari alileta kisu katika mfuko. Daktari alieleza kidonda: kimoja, kifuani. Kisha akaja Vivian, jirani wa mlango wa pili, msichana wa kusuka nywele, ambaye wakili wa serikali alimtegemea kuliko wote.

Vivian alisema Jumapili ile mchana alisikia Mulongo akimpiga mkewe. Haikuwa mara ya kwanza. Baadaye Nthoki alitoka akaja bombani, damu ikimtoka puani, naye Vivian akamwosha uso. Walikaa pale kwenye ngazi. Waliongea.

"Mlikaa kwa muda gani?" wakili wa serikali akauliza.

"Kitambo. Nguo nilizokuwa nimeanika zilikuwa zimeanza kukauka."

"Wakati huo marehemu alikuwa wapi?"

"Ndani. Kulikuwa kimya. Nilidhani amelala."

"Kabla ya kurudi ndani, mshtakiwa alikuambia nini?"

Vivian alitazama chini. "Aliniambia nimrudishie kisu chake. Nilikuwa nimekiazima kwake asubuhi."

"Ukampa?"

"Ni chake. Nikampa."

Wakili wa serikali aliketi. Hakuuliza lingine, na hakuhitaji. Wakili wa utetezi alisimama akauliza juu ya kipigo: kilikuwa kikali, kilikuwa cha kila wiki, je, Vivian aliwahi kuona alama. Vivian akajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Hakuna aliyerudi kwenye kisu.

Zedekiah alikuwa na swali. Karani alikuwa amewaambia kwamba wazee wa baraza wanaweza kuuliza kupitia kwa jaji. Alitaka kujua kama kulikuwa na kitu cha kupikwa siku ile. Alijikuta ameinua kidole kidogo kutoka gotini. Lakini jaji alikuwa anaandika, mawakili wanaongea Kiingereza chao cha haraka, na yeye ni seremala. Akaona pengine swali la jikoni litachekesha watu. Akashusha kidole, na Vivian akaambiwa anaweza kwenda.

Nthoki alipojitetea alisema kwa Kiswahili, karani akitafsiri. Alisema alitaka kisu ili apike, kwa kuwa mumewe akiamka akakosa chakula ingekuwa vita tena. Alisema alipoingia Mulongo aliinuka kitandani akamjia. Hakukumbuka vizuri kilichofuata. Alikumbuka tu kwamba alikaa, na kwamba mlango ulikuwa wazi, na mtoto wa jirani akawa anamtazama.

Ulipofika wakati wa jaji kuwaeleza sheria, aliweka kalamu chini na kuwageukia wale watatu. Zedekiah alimpenda kwa hilo, kwa kuwa hakuongea kama mtu anayetaka kumaliza. Alisema si juu ya mshtakiwa kuthibitisha kwamba hana kosa, ni juu ya serikali kuthibitisha kwamba analo, na shaka yoyote ya maana ni ya mshtakiwa. Alisema kuua kuko kwa namna mbili. Mtu akiua akiwa ameshikwa na hasira aliyotiwa wakati huo huo, kabla damu haijapoa, au bila kukusudia kifo, hilo ni kosa, lakini dogo zaidi. Lakini mtu aliyepata nafasi ya kutulia, akafikiri, akaenda kutafuta silaha, huyo ameua kwa nia. "Mjiulize," alisema, "alipoomba kile kisu, alikuwa anataka nini."

Wakapewa muda. Kisha wakaulizwa.

"Hana hatia ya shtaka hili," Dedan alisema. "Alichokozwa siku nyingi."

"Hana," Khadro alisema. "Mimi nimeangalia uso wake."

Zedekiah alisimama. "Mtukufu jaji, aliua. Lakini huyu mama aliteswa."

"Mzee, kwamba aliua hata wakili wake amekubali," jaji alisema kwa upole, karani akafuata kwa Kiswahili. "Nakuuliza kama alikuwa na nia."

Zedekiah alimwona Shiundu kule nyuma, mikono juu ya fimbo. Aliwaza juu ya ngazi, na nguo zilizokauka, na mwanamke aliyekaa muda wote huo kisha akasimama na kuomba kisu. Alitafuta ndani yake jibu lingine na hakuliona. Kusema asiloliona kungekuwa uongo, naye hajawahi kusema uongo mbele ya watu.

"Alienda kuomba kisu," alisema.

"Kwa hiyo maoni yako?"

"Ana hatia. Lakini naomba ahurumiwe."

"Adhabu si kazi ya wazee wa baraza," jaji alisema, na kuandika.

Walishukuriwa, wakaruhusiwa kwenda. Hukumu ingesomwa siku nyingine, na wao hawakutakiwa kuwepo. Dedan alimpa Zedekiah mkono pale kwenye ngazi za nje bila kumtazama. Khadro hakumpa.

Zedekiah alijiambia kwamba maoni mawili ni mengi kuliko moja. Alijiambia pia kwamba kitanzi alichokitaja Dedan si lazima, kwamba hata jaji akimkuta na hatia atampa miaka michache, kwa kuwa alionekana mtu mwenye huruma. Siku ya hukumu aliomba ruhusa kazini akaenda kukaa nyuma na watu wengine.

Jaji alisoma kwa muda mrefu. Karani alitafsiri kwa vipande. Zedekiah alisikia juu ya kipigo, juu ya ngazi, juu ya kisu. Kisha akasikia: "Wazee wawili wa baraza wameona hana hatia. Nimeyafikiria maoni yao kwa makini, lakini siwezi kukubaliana nao. Nakubaliana na mzee wa baraza wa tatu."

Wakili kijana alisimama akaomba mahakama ikumbuke kwamba mshtakiwa ni mama, hajawahi kushtakiwa, na ameteseka. Jaji alisikiliza mpaka mwisho. Akasema amemsikia, lakini kwa kosa hilo sheria imempa adhabu moja tu, hana nyingine mkononi. Akaitamka. Nthoki aliuliza, "Amesema nini?" kwa kuwa karani alikuwa amenyamaza. Karani ikabidi amwambie.

Kwenye ukumbi Zedekiah alisimama kando ya ukuta, hajui mikono yake aiweke wapi. Shiundu alitoka polepole, akamwona, akamsalimia kwa lugha ya kwao. Hakuonekana mtu aliyeshinda kitu.

"Na mtoto sasa atakuwa wa nani?" mzee aliuliza.

"Yuko kwa bibi yake, Kitui."

"Ni damu ya mwanangu. Lakini nikienda kumchukua nitamwambia nini huyo mama mzee? Kwamba nimepoteza mmoja na yeye mmoja?" Akaegemea fimbo yake, akaenda zake.

Vivian naye alikuwa pale, macho mekundu. Alimtambua Zedekiah, akamfuata mpaka nje.

"Mzee, kulikuwa na vitunguu," alisema. "Vilikuwa kwenye beseni, pale ngazini. Alikuwa amevinunua asubuhi. Alipochukua kisu alichukua na beseni."

"Kwa nini hukusema?"

"Waliniambia nijibu ninaloulizwa tu. Hakuna mtu aliuliza."

Usiku ule Zedekiah hakula. Phelister hakumsumbua. Aliondoa sahani, akakaa karibu naye, na baada ya muda mrefu Zedekiah akamwambia yote, pamoja na kile kidole alichoinua na kukishusha. Phelister alisema, "Baba Nekesa, si wewe uliyetunga sheria." Aliona neno lile halimsaidii, naye hakulirudia tena.

Siku zilizofuata alimtafuta yule wakili kijana mpaka akampata katika chumba alichokuwa akikitumia kama ofisi, juu ya duka la viatu, barabara ya River Road. Alimuuliza kama mzee wa baraza anaweza kubadili maoni.

"Maoni yako yalimaliza kazi siku uliyoyatoa," wakili alisema. "Sasa ni rufaa. Tumeshaiandikisha."

"Basi huko Vivian aelezee vitunguu."

Wakili alikohoa, akatikisa kichwa. Alimweleza kwamba Mahakama ya Rufaa haisikilizi mashahidi upya. Majaji watatu husoma yaliyoandikwa katika kesi ya kwanza, na kutafuta kama jaji alikosea sheria. Ushahidi mpya huingia kwa shida sana, tena uwe ule ambao hakuna mtu angeweza kuupata mapema. "Vivian alikuwa kizimbani. Ningeweza kumuuliza mimi mwenyewe." Alisema hivyo akitazama dirishani, na Zedekiah akajua kwamba si yeye peke yake asiyelala.

Rufaa ilikawia. Iliposikilizwa, Zedekiah aliomba ruhusa tena, naye Amolo akamuuliza kama siku hizi ni seremala au wakili, lakini akamruhusu. Ilikwisha kabla ya saa ya chakula. Majaji walirudi na uamuzi wao wiki chache baadaye: jaji wa kwanza hakukosea sheria; alikuwa na haki ya kutofuata wazee wawili, na alitoa sababu. Rufaa ikatupwa. Juu ya mahakama ile hakukuwa na nyingine. Ilibaki huruma ya Rais tu, na hiyo haina tarehe.

Akina mama wa kanisa la Friends walikuwa na desturi ya kutembelea gereza la wanawake, na Phelister alikuwa mmoja wao. Mwaka wa tisini na sita Zedekiah aliwaomba waende naye. Askari walimleta Nthoki upande wa pili wa wavu, katika sare ya gereza, amevimba uso kwa ugonjwa.

"Mama, mimi ni—"

"Nakujua," alisema. "Ulikuwa unakaa upande wa dirisha. Nilikuwa nawaangalia ninyi watatu kuliko jaji. Yeye alikuwa akiandika. Ninyi mlikuwa na nyuso."

"Nimekuja kukuambia nilichosema siku ile."

"Nilisikia. Niliyekuwa nashtakiwa ni mimi, mzee."

Askari wa zamu alihama mguu. Kisha Nthoki akasema, bila ukali, "Ulisema kwa sababu ya kisu?"

"Kwa sababu ya kisu. Sikujua kulikuwa na vitunguu."

"Vilikuwepo. Lakini wacha nikuambie kitu, kwa sababu huku mtu anapata muda wa kufikiri. Nikiwa na beseni mkononi nilitaka kupika. Alipoinuka kitandani, sijui nilitaka nini. Mtu akiniuliza ni wakati gani hasa nilianza kutaka, siwezi kumwonyesha. Yule jaji alikuwa anatafuta mahali ambapo hata mimi mwenyewe sijawahi kupaona."

Zedekiah alilia pale, mtu mzima, mbele ya akina mama wa kanisa. Nthoki alimwacha alie. Alipomaliza, alimwomba kitu kimoja: kama anaweza kupata habari za mtoto. Bibi yake hakujua kuandika, na Kitui ni mbali.

Alizipata. Alienda mwenyewe, mara mbili kwa mwaka, akarudi kumwambia Nthoki kwamba mtoto ameanza shule, kwamba anapenda kuimba, kwamba ameng'oka meno ya mbele. Mara ya tatu alipofika kule alimkuta Shiundu uani, ameketi na bibi, wakichambua mbaazi bila kuongea sana, kwa kuwa hawakuelewana lugha. Hilo Zedekiah alimwambia Nthoki pia, naye Nthoki akageuza uso kwa muda.

Mwaka wa tisini na nane reli ilipunguza wafanyakazi, na jina la Zedekiah lilikuwa miongoni mwao. Nyumba ya Makongeni ikarudishwa. Alienda gerezani kuaga. Nthoki alimwambia asante, asalimie nyumbani, na asirudi ikiwa safari itamgharimu afya. Waliagana kama watu waliokaa jirani.

Huko Bungoma, naibu wa chifu, Nyongesa, hakuchelewa kusikia kwamba kuna mzee amerudi kutoka Nairobi aliyewahi kukaa na jaji. Alifika na kusema serikali inaunda baraza la wazee la kusikiliza migogoro ya mashamba, nao wanamtaka. Zedekiah akakataa. Nyongesa alirudi mara nyingine, akakataliwa tena, na watu wakaanza kusema mzee huyu ameleta majivuno ya mjini.

"Mwambie wewe, mama," Nyongesa alimsihi Phelister. "Watu wanagombana mipaka mpaka wanakatana. Mtu mkweli kama yeye anakataaje kukaa?"

"Mwacheni," Phelister alisema. "Alishakaa."

Habari za Nthoki ziliwafikia kupitia akina mama wa kanisa waliobaki Nairobi. Hakunyongwa, wakati ule hakuna aliyekuwa akinyongwa. Hakuachiliwa pia. Kila Desemba wafungwa wa makosa madogo walisamehewa kwa heshima ya Jamhuri, na waliohukumiwa kifo wakabaki ndani. Walisema anawafundisha wenzake kushona, na kwamba afya yake inapanda na kushuka. Zedekiah alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama ana blanketi la kutosha, akaambiwa wanadhani analo. Akainuka akaenda kumfungua ng'ombe, maana jua lilikuwa limeshapanda na hajapelekwa majanini.